Njia za miguu za vilima vya Umatumbi zisizibwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie njia za miguu zipandazo vilima vya Umatumbi, wilayani Kilwa, ambazo nahofia zitapotea tukiendelea kunyamaza.

Mwezi uliopita nilitoka Njia Nne kwa pikipiki hadi upande wa Nandete, nikapanda kilima kimoja cha mawe ya chokaa nikiongozwa na mzee mwenyeji. Si kilima cha kutisha. Hata mimi mwenye wajukuu nilifika juu kwa saa moja, nikiwa nimepumzika mara mbili. Chini ni mihogo, ufuta na mbuzi waliofungwa kamba kivulini mwa mikorosho. Juu ni mwamba wa kijivu uliochongwa na mvua hadi ukawa na meno makali, na mizizi ya miti imejipenyeza katika kila ufa. Mzee alinionyesha mashimo yanayomeza maji ya masika, kwani maji ya mvua huliyeyusha jiwe la chokaa polepole mno, kisha hupita chini kwa chini. Mapango ya huko yalichimbwa na maji hayo hayo, likiwemo la Nang'oma, ambamo wenyeji walijificha wakati wa Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia Nandete mwaka 1905 kwa kung'oa pamba. Bila kuzijua njia wasingefika humo.

Tuliposhuka kwa upande wa pili tulikuta njia imezibwa kwa miiba ya shamba jipya. Mzee, ambaye ameipita njia hiyo tangu utoto wake, alilazimika kunipitisha katikati ya ufuta wa watu huku akiomba radhi kwa sauti ya chini, na jambo hilo liliniumiza sana. Simlaumu mwenye shamba, maana huenda alipewa ardhi bila kuelezwa kwamba ndani yake mna njia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi ya matumizi ya pamoja. Kwa hiyo naziomba halmashauri za vijiji vya huko ziziingize njia hizi katika mipango ya matumizi ya ardhi, wazee wakiitwa kuzionyesha kwa miguu yao, kabla mashamba ya msimu ujao hayajaanza kufyekwa. Upana wa mita mbili unatosha.

Msomaji wako,
Kilwa Masoko, Lindi