Barua kwa mwanangu: RAM inachomoka?

Mwanangu Baraka,

Marahaba. Picha ya laptopu unayotaka kuichukua Kariakoo Jumamosi nimeiona. Nyembamba, inang'aa, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 8. Sasa niambie: hiyo RAM inachomoka au imechomelewa kwenye mazabodi? Hukusema. Umesema rangi.

Iwashe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Memory. Palipoandikwa Form factor ukikuta SODIMM, hicho ni kipande kinachochomoka. Ukikuta Row of chips, irudishe mezani. Idadi ya sloti pale isikuhadae, maana hata zile za kuchomelewa huandika sloti.

Kwa kazi ya programu za Android, 8 haitoshi. Android Studio iko wazi, Gradle inaijenga programu, emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) juu yake, na kurasa zako za Chrome usizofunga: RAM imejaa, mashine inaanza kuhamishia mzigo kwenye SSD, yaani diski, nawe umekaa unatazama kiduara kinazunguka. Anzia 16. Kama hela haifiki, chukua yenye kipande kimoja cha 8 na sloti moja tupu, utaongeza mwezi wa tatu. Iliyochomelewa utaiongezea wapi?

Kwa laki saba yako tafuta ThinkPad T480 iliyotumika. Sloti mbili za RAM ya DDR4, SSD inabadilishika, betri ya nyuma unaichomoa kwa mkono. Soma jina mpaka herufi ya mwisho: T480s ni nyingine, sehemu ya RAM yake imechomelewa, imebaki sloti moja tu. EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 nazo zina sloti mbili. Muuzaji akikuimbia prosesa ya i7, muulize i7 ipi. i7-7600U ina viini viwili, i5-8250U ina vinne. Tena Windows 11 imekiacha nje karibu kizazi chote cha 7, hiyo 7600U ikiwemo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025.

Bonyeza F1 nembo ya Lenovo inapotokea, uingie BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine. Ikidai nywila, ondoka hapo. Mashine ilikuwa ya ofisi fulani, na kuchomoa betri hakuifuti nywila hiyo. Isipodai, ingia Security, Virtualization, uwashe ile ya Intel, la sivyo emuleta itajikokota au igome kabisa. Jaribu chaji kwenye matundu yote mawili ya USB-C. T480 zilitoka na kasoro ya Thunderbolt, mojawapo ya matundu hayo, inayoweza kuua tundu la chaji, kwa hiyo sasisho la Lenovo liweke usiku huohuo, usingoje wikendi.

Siku ya kuongeza RAM, kwanza zima betri ya ndani kupitia BIOS: Config, Power, Disable Built-in Battery. Kipande kinaingia kimelala upande. Kisukume mpaka meno ya dhahabu yakaribie kupotea, ndipo ukilaze kikalie vibanio. Ukikilaza kabla hakijazama, mashine haitawaka na utanipigia unalia.

Halafu emuleta usiitegemee sana. Gusa Build number mara saba kwenye simu yako, washa USB debugging, ujaribie humohumo. Simu isipoonekana, badilisha waya kwanza. Nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu.

Ile programu yako ya michango ya kikoba bado wanaitumia, mweka hazina ameacha daftari. Uliiandika kwenye mashine yenye diski ya GB 32 iliyochomelewa, na uvumilivu huo sijui uliutoa wapi, kwangu hukuutoa. Ile nayo ilichaguliwa kwa rangi. Si wewe uliyeichagua.

Fundi bati hajarudi tangu Jumatatu, tunakinga maji kwa beseni lako la kufulia. Rehema anadai umeondoka na kamusi yake. Kama unayo, mpe shangazi yako akija Ijumaa. Na umeme wa Luku huko mnagawanaje? Usiwalipie wenzako.

Nitumie picha ya hiyo Form factor kabla hujalipa, si baadaye. Hela ya kipande cha pili ipo kwenye kopo la majani ya chai. Rehema hajui.

Mama yako