Jumamosi: neno "wrong", na saa imebadilika

Habarini za jioni wapendwa,

Tunakutana Jumamosi saa 10 jioni, si saa 9 kama nilivyoandika juzi. Nilikosea, na kwa somo la wiki hii kosa lenyewe linafaa! Mahali ni palepale, barazani kwa katibu.

Tutakaa na neno moja tu la Kiingereza: "wrong". Wengi tunalifasiri "-baya" na kuishia hapo. Lakini anayekupigia simu kwa makosa unamwambia "wrong number": namba si mbaya, ila siyo yenyewe. Ukienda Moshi ukapanda basi la Tanga, basi ni zima kabisa, kwako wewe tu ndiyo "the wrong bus". Angalieni hiyo "the", maana wengi wetu huweka "a". Herufi w ya mwanzo haitamkwi. Na meno ya bandia ni "false teeth". Tafadhali msimwambie mzee wa watu ana "wrong teeth".

Kabla ya kuja:
1. Andika sentensi tatu zako, moja iwe na "wrongly", kama ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuonewa.
2. Sh 1,000 ya fotokopi na chai, kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa saa 2 usiku.
3. Mwenye kamusi aje nayo. Yetu imebanduka kurasa za mwisho, W yote haipo.

Naomba kila mmoja ajibu "Nipo" au "Sitafika" kufikia Alhamisi usiku, nijue nitoe nakala ngapi.