Mzembe ni mwandishi wenu, si Kisenosato

Mhariri,

Tangu nirudi kutoka Japani nanunua gazeti lenu na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, pamoja na mengi mliyokosea. Lakini ile habari ya Onosato kupandishwa kuwa yokozuna wa 75, yaani ngazi ya juu kabisa katika mieleka ya sumo ya Japani, imenishinda kuinyamazia. Kijana mmemsifu, anastahili. Sasa kumpandisha mwanafunzi ndiyo lazima mumkanyage mwalimu wake? Mmeandika kuwa Kisenosato alikuwa "yokozuna wa kulala hospitali", kwamba alikula mshahara wa bure miaka miwili. Na aya moja juu yake, mwandishi huyo huyo amemsifu kwa "moyo wa simba" kwa kuwa alishindana Osaka akiwa ameumia. Amueni moja.

Huyo mnayemwita mzembe aliingia kambi ya Naruto mwaka 2002, ana miaka 15, chini ya Takanosato, yokozuna wa zamani ambaye kwenye mazoezi hakuwa na mzaha na mtu. Akiwa na miaka 17 alishafika juryo, ngazi ambayo mwanamieleka wa sumo ndipo anaanza kulipwa mshahara. Akiwa na 18 yumo daraja la juu. Kuanzia kujiunga kwake hadi ile Machi ya 2017, alikosa kushindana siku moja tu, Januari 2014, kwa sababu ya kidole cha mguu. Novemba 2010 ndiye aliyemsimamisha Hakuho aliyekuwa ameshinda mara 63 mfululizo, wakati Japani nzima inahesabu kuifikia rekodi ya Futabayama, yokozuna wa zamani, ya ushindi 69 mfululizo. Mwaka 2016 alishinda mara nyingi kuliko mtu yeyote na hakuchukua kombe hata moja, na watu wakamcheka kwa hilo pia. Januari 2017 akalichukua, 14 kwa 1, akawa yokozuna wa 72. Kwa miaka 19 hakuna mzaliwa wa Japani aliyekuwa amepanda ngazi ile; waliopanda ni mmoja wa Hawaii na Wamongolia wanne. Hebu fikirini mzigo aliobebeshwa.

Miezi miwili baadaye ndiyo Osaka. Siku ya 13 Harumafuji alimtoa nje, akabaki ameshika bega la kushoto, uso umekunjamana. Siku ya 14 Kakuryu akamtoa kama anamsindikiza. Siku ya 15, Machi 26, aliingia amefungwa bandeji, na ili achukue kombe ilibidi ampige Terunofuji mara mbili siku hiyo hiyo. Akampiga mara mbili. Wimbo wa taifa ulipopigwa alilia, na mimi niliyekuwa mbele ya televisheni nililia. Sasa mwandishi wenu anaishia hapo, anapiga makofi. Hasemi kwamba mkono wa kushoto ndio uliokuwa sumo yake yote. Ndio ule wa kuingiza chini ya kwapa la mwenzake na kumbana asigeuke. Msuli uliochanika ndio huo huo. Baada ya hapo mashindano manane mfululizo aliyakosa au aliyaacha katikati. Kila aliporudi mkono haujapona, kila alipojitoa magazeti yanauliza lini atastaafu. Baraza linalowachunguza mayokozuna likamwandikia azimio la "kumtia moyo", jambo ambalo halijawahi kumfanyia yokozuna yeyote kabla yake. Mtu anayehitaji daktari anapewa barua! Januari 2019 alipoteza mara tatu za mwanzo, akaondoka. Kama yokozuna alishinda mara 36 na kushindwa mara 36. Hesabu hiyo mmeichapa kwa herufi nene kana kwamba ni hukumu ya mahakama.

Na wala hamkueleza kwamba yokozuna hashuki ngazi. Terunofuji, yule yule aliyepigwa siku ile, magoti yalipomharibikia alikuwa ozeki, ngazi moja chini ya yokozuna, akashuka hadi jonidan, daraja la pili kutoka chini, akatibiwa, akapanda tena ngazi kwa ngazi mpaka akawa yokozuna wa 73. Kisenosato mlango huo hakuwa nao. Ukiwa yokozuna ni kushinda au kustaafu. Na hao wa chini nao zamani walikuwa na nafuu: hadi mwisho wa 2003 aliyeumia ulingoni aliweza kukosa shindano bila kushushwa. Chama cha Sumo kikaufuta utaratibu ule kwa kuwa waliougua wamekuwa wengi. Punda wakivunjika miguu kwa wingi, dawa ni kuwaongezea magunia.

Nina sababu ya kuchukia, mhariri. Nilikuwa kibarua katika yadi moja karibu na bandari ya Nagoya, tukipakia magari ya mtumba na vipuri kwenye makontena ya kuja Dar es Salaam na Mombasa. Mwaka ule ule wa 2017 giaboksi iliniangukia, kifundo cha mkono kikavimba. Msimamizi wetu, mtu mzima, aliyelia kuliko sisi sote siku ile ya kombe, akanionyesha picha ya Kisenosato aliyoibandika juu ya saa ya ukutani. Yule kashinda na mkono mmoja, wewe giaboksi tu? Nikaona aibu, nikaendelea kubeba. Nilibeba mpaka vidole vikawa havishiki spana. Ilipofika baridi, Kisenosato amejitoa tena, nikamsikia msimamizi huyo huyo wakati wa chakula akisema bora astaafu, anawatia aibu. Picha ilikuwa imeshatolewa ukutani. Mkataba wangu haukuongezwa. Hadi leo nikifunga boliti natumia mkono mmoja, na huyo bwana sikumsikia akiniita simba.

Halafu ile picha! Mmeweka yule bonge wa mieleka ya Marekani ya miaka ya tisini aliyejiita Yokozuna, wa kukalia watu, ambaye hata Mjapani hakuwa, ukoo wake ni wa Samoa. Lakini mtajuaje, ikiwa nusu ukurasa wa michezo siku hizi ni mikeka ya kubeti na nusu iliyobaki ni nani kavimba kifundo Manchester? Bingwa wa ndondi wa mkoa wetu mlimpa mistari minne, jina mkakosea.

Basi napendekeza hivi. Mwandishi wenu afungwe mkono anaoandikia, aandike habari moja kila siku kwa siku 15, kama wanavyoshindana wale. Zikitoka nane bila kosa la jina wala picha, abaki na cheo chake. Zikitoka saba, ashushwe akapange mikeka. Cheti cha daktari kisipokelewe.

Na wewe mhariri, ambaye huna ngazi ya kushushwa, unajua mayokozuna hufanya nini.

Fundi wa zamani wa yadi,
Tanga