Barua ya Wazi kwa Waziri Mwenye Dhamana ya Sanaa: Tunaomba Sakafu ya Kuwekea Mtambo wa Kuchapia Picha

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naandika barua hii nikiwa mmoja wa wachapaji picha 14 wanaofanya kazi pamoja katika karakana ndogo ya jamii hapa Dar es Salaam, Manispaa ya Kinondoni. Mwenye kiwanja tunachopanga amekiuza, nasi tumepewa miezi mitatu ya kuhama. Hatumlaumu, maana mali ni yake na ametuvumilia hata miezi ambayo kodi ilichelewa. Ninachokuletea si shauri la mpangaji na mwenye nyumba. Ni ombi la mahali pa kudumu pa kuweka mtambo wa kuchapia picha, ambapo mwananchi yeyote ataweza kuingia, kujifunza na kuziona kazi zikiwa ukutani.

Uchapaji ninaouzungumzia si ule wa kadi za harusi na mabango. Msanii huchonga kibao cha plaiwudi, au kipande cha kapeti ya plastiki kilichobaki baada ya sakafu ya mtu kutandikwa, na ile sehemu anayoiacha bila kuichonga ndiyo inayoshika wino na kuuhamishia kwenye karatasi. Kwa kibao cha namna hiyo mwiko wa mbao unatosha: unalaza karatasi juu yake na kusugua taratibu mpaka picha itoke. Lakini iko njia nyingine, ambayo msanii hukwangua bamba la alumini kwa sindano ngumu, akalipaka wino, akaufuta kwa kipande cha chandarua kikuukuu hadi ubaki ndani ya mikwaruzo peke yake, kisha akalilaza chini ya karatasi nzito iliyoloweshwa. Wino huo uliojificha ndani ya mkwaruzo hautoki kwa mwiko. Unahitaji mgandamizo wa rola mbili za chuma, bamba likipita katikati yake chini ya blanketi za sufu, na hapo ndipo mtambo unapokuwa hauepukiki.

Mtambo wetu haukutoka ng'ambo. Ulitengenezwa na fundi wa kukereza vyuma katika eneo la Gerezani hapa Dar es Salaam, kwa mchoro tuliompelekea na kwa vyuma chakavu tulivyovichagua pamoja naye, na malipo yake tuliyachanga kwa mwaka na nusu. Una uzani unaozidi kilo 400. Patasi zetu nyingi ni njiti za miavuli mibovu zilizonolewa na kutiwa vipini, na wino tunaotumia kila siku ni ule unaobaki kwenye makopo ya viwanda vya uchapaji vya mjini. Nayasema haya mapema, Mheshimiwa, ili ieleweke kwamba hatukuombi mashine wala fedha za kununulia vifaa. Vifaa tunavyo, na pale tulipokosa tulijua namna ya kuvitengeneza. Tusichoweza kukitengeneza ni sakafu ambayo hatutaondolewa.

Katika miaka tisa tumehama mara mbili, na hii itakuwa ya tatu. Mchoraji wa rangi akihamishwa hubeba brashi zake kwenye mfuko na jioni hiyo hiyo anaweza kuendelea na kazi. Mtambo haubebeki hivyo. Katika kuhama kwa pili, gari lilipokuwa likipanda barabara yenye mashimo, kamba moja ilikatika, rola ya juu ikagonga ubavu wa gari na ekseli yake ikapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikukiona. Karatasi ndiyo iliyokiona. Kila picha tuliyochapa ilitoka nyeusi upande wa kushoto na hafifu upande wa kulia, na ilituchukua miezi saba kupata fedha za kumlipa fundi anyooshe ekseli na kusawazisha mtambo upya. Katika miezi hiyo wenzetu wawili waliacha kazi hii. Mmoja alikuwa na mkono mtulivu kuliko wote niliopata kuwaona, na sasa anaendesha bodaboda.

Naomba nikueleze Jumamosi yetu, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayoifanya karakana hii kuwa ya jamii na si ya wasanii 14 tu. Lango linafunguliwa saa tatu asubuhi. Watoto wa mtaani kwetu huingia kwanza, wengine wakiwa wametumwa dukani na wamesahau walichotumwa, nao hupewa vipande vidogo vya ndala chakavu wachonge. Mtoto anayechonga jina lake kwa mara ya kwanza hulichonga kama anavyoliandika daftarini, na linapochapwa linatoka limegeuka kinyume. Nimeona watoto wengi wakinyamaza mbele ya karatasi hiyo, kisha wakaomba kipande kingine bila kuambiwa na mtu. Kufika saa tano huja watu wazima: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayechonga ndege wa Selous aliowaona ujanani, seremala wa Keko anayetuletea mabaki ya mbao na kukaa mpaka jioni, na mama anayeuza kanga ambaye alianza kwa kusimama mlangoni tu. Huyu mama ndiye aliyetufundisha kupanga pindo na mji wa picha, yaani ukingo wake na sehemu ya katikati kama ilivyo kwenye kanga, kwa maana mtu aliyepitisha miaka ishirini akikunjua kanga mbele ya wateja anajua vizuri kuliko sisi mahali ambapo macho yanatua kwanza.

Mchana hatugusi wino wa bamba, kwa kuwa joto huulainisha ukafutika kupita kiasi. Tunarudi kwenye mtambo jua likipungua. Mmoja hupaka wino, mwingine hufuta, wa tatu, mwenye mikono safi, hushika karatasi, na wa nne huzungusha usukani. Ni vigumu msanii kuchapa nakala ishirini zinazofanana akiwa peke yake bila kuchafua karatasi, na hii ni sababu mojawapo, mahali pengi duniani kazi hii ilipostawi, ilistawi ndani ya karakana za pamoja. Nakala zikikauka, msanii huziandika namba kwa penseli chini ya picha, tatu ya ishirini, nne ya ishirini, akatia saini, halafu bamba linakwanguliwa msalaba ili lisichapwe tena. Kisha tunazining'iniza kwa vibanio vya nguo kwenye waya uliozunguka kuta, na huo ndio ukumbi wetu wa maonyesho. Nakala moja huuzwa kwa shilingi 30,000. Mchoro mmoja wa rangi wa msanii yule yule haupatikani kwa bei hiyo, na ndiyo maana miongoni mwa wanunuzi wetu wamo muuguzi, kondakta wa daladala, na mwalimu aliyelipa kwa awamu mbili.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu, Mheshimiwa. Mwaka 1972 Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, pamoja na wasanii vijana, walianzisha Nyumba ya Sanaa hapa Dar es Salaam, na humo, pamoja na uchongaji na batiki, vijana walijifunza kuchora kwenye bamba la chuma na kulichapa. George Lilanga, aliyetoka kusini na kuanza pale kama mlinzi, alichora mashetani yake ya Kimakonde kwenye mabamba hayo, na kabla ya kufariki mwaka 2005 jina lake lilikuwa limeshafika Ulaya, Marekani na Japani. Leo kijana akienda Upanga kuitafuta karakana ile haioni. Picha nyingi za Lilanga ziko mikononi mwa wakusanyaji wa nje, na mwanafunzi wa sanaa wa Mtwara au Lindi, ambako ndiko asili ya michoro hiyo, huziona kwenye simu.

Katika karakana yetu yupo mzee wa miaka 73 aliyejifunzia kazi hii Nyumba ya Sanaa. Anajua kuandaa nta ya kufunika bamba, kuchora ndani ya nta hiyo, na kuliacha bamba ndani ya asidi kwa muda anaoukadiria kwa kutazama viputo vinavyopanda. Mstari ulioliwa na asidi hudumu kwa nakala nyingi, ilhali mkwaruzo wa sindano huchoka baada ya kumi au ishirini hivi, kwa sababu kingo zake hulala chini ya rola. Lakini hatumruhusu atufundishe. Hapa tulipo ni banda lenye dirisha moja, jirani yetu ana watoto wachanga, na mvuke wa asidi si jambo la kufanyia majaribio. Nchini Afrika Kusini, karakana ya Artist Proof Studio, iliyoanzishwa Johannesburg mwaka 1991 na Kim Berman na Nhlanhla Xaba, iliungua mwaka 2003 na Xaba akapoteza maisha katika moto huo. Wenzake waliijenga upya, na inafundisha hadi leo. Nimekaa na habari hiyo moyoni kila ninapofunga makopo yetu ya mafuta ya kusafishia wino usiku, na kila mzee wetu anapouliza kama tumeshapata chumba chenye hewa.

Ombi letu ni hili. Miongoni mwa majengo ya umma jijini Dar es Salaam yapo yenye vyumba vya chini visivyotumika. Tunaomba chumba kimoja, chenye sakafu ya zege inayobeba mtambo, mlango mpana, maji, sinki, madirisha pande mbili, na nafasi ya kutenga kona ya asidi yenye feni ya kutolea hewa nje, tukipangishwe kwa mkataba wa miaka ishirini. Ukuta wa mbele uwe ukumbi wa maonyesho ulio wazi kwa umma bila kiingilio. Kodi ya kiasi tutalipa, kwani tumekuwa tukilipa kodi kwa miaka tisa. Ninajua kwamba kila kikundi kinachokuja ofisini kwako kinaomba jengo, na sitaki kudai kwamba uchapaji unastahili kuliko ngoma au filamu. Ninachosema ni kwamba mpiga ngoma anaweza kufanya mazoezi chini ya mwembe, na sisi hatuwezi.

Kwa upande wetu tunaweza kutoa jambo ambalo sanaa nyingine haziwezi kulitoa kwa urahisi. Kwa kuwa kila picha ina nakala kadhaa, tuko tayari nakala moja ya kila kazi itakayochapwa katika chumba hicho ikabidhiwe kwa Makumbusho ya Taifa bila malipo, ikiwa na saini na namba yake. Kwa miaka ishirini hazina hiyo itakuwa ya mamia ya picha zilizobaki nchini. Pia, kwa kuwa mitaala mipya imeanzisha mkondo wa amali katika sekondari, na shule nyingi hazina karakana za sanaa, tutapokea wanafunzi siku mbili kila wiki, na walimu wao siku za likizo.

Taarifa ya kuhama inaisha mwisho wa mwezi wa tatu kuanzia sasa. Fundi wa Gerezani ameahidi kuja mwenyewe kuufungua mtambo kipande kwa kipande safari hii, ili ekseli isipinde tena, na anachouliza ni mahali atakapoufungia. Mzee wetu naye ameomba sinki liwe la plastiki, kwa kuwa asidi itakula la chuma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mchapaji picha na katibu wa karakana,
Kinondoni, Dar es Salaam