Barua ya wazi kwa shemeji yangu wa Kisumu anayetaka kuvua besi Naivasha

Shemeji mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Nakuru. Dada yako hajambo, na watoto wanakuulizia kila mara. Nimepata ujumbe wako kwamba mwezi wa nane ungependa twende Naivasha tukavue besi, yule samaki ambaye kwa Kiingereza huitwa largemouth bass, na kwamba utakuja na mishipi ileile unayovulia mbuta (sangara) kule Dunga. Karibu sana, ila mishipi hiyo iache nyumbani. Nimeamua kukujibu kwa barua ya wazi kwa sababu si wewe pekee unayeniuliza habari za samaki huyu. Wapo jamaa wa Homa Bay na wa Busia ambao nao wamekulia kando ya ziwa kubwa na wanadhani kwamba anayemweza mbuta atamweza besi bila kujifunza lolote jipya. Mimi si mvuvi wa riziki kama walivyokuwa wazee wenu. Ni mtu wa kazi ya ofisini anayependa kushika fimbo na mshipi siku za mapumziko, na haya ninayokuandikia ni ya mtu wa namna hiyo.

Jambo la kwanza, ambalo mengine yote yanalitegemea, ni kwamba besi hutafutwa kwenye maficho yake. Mbuta utamfuata katika maji mapana, utaburuta chambo nyuma ya mashua au kutega chambo hai na kusubiri apite. Besi hana tabia ya kuzurura hivyo. Hujibanza kivulini, chini ya mafunjo, kando ya kisiki au ukingoni mwa gugumaji, akatulia kabisa, kisha hukurupuka ghafla na kufungua kinywa chake kikubwa kwa nguvu inayovuta maji na windo kwa pamoja. Umtazamapo utaona umbo lake limeandaliwa kwa kazi hiyo: mwili mnene wa kijani kilichokoza mgongoni na weupe tumboni, mstari mweusi uliopita ubavuni, na taya la juu linaloishia nyuma ya jicho. Ni samaki wa mbio fupi. Chambo kikipita mbali na maficho yake, mara nyingi hatajisumbua kukifuata, hata kiwe kizuri namna gani. Kwa hiyo watu wanaobishana usiku kucha kuhusu rangi ya chambo huwa wameanzia mwisho wa habari.

Sasa, maficho hayo yako wapi? Hapa ndipo Naivasha inapowatatiza hata wenyeji, kwa sababu ufuo wa ziwa hili hauna makazi ya kudumu. Ziwa halina mto wowote unaotoka juu ya ardhi. Maji huingia hasa kwa Malewa na Gilgil, kisha sehemu yake hupenya chini kwa chini, na ndiyo maana yameendelea kuwa maji baridi, yasiyo na chumvi, ilhali majirani zake, Elementaita na Nakuru, ni maziwa ya magadi. Kwa kuwa kina chake ni kifupi, mvua nyingi au ukame huusogeza ukingo mbali sana. Baada ya kupungua mno takriban mwaka 2009, ziwa lilianza kupanda, na kufikia mwaka 2020 lilikuwa limezifukuza familia nyingi mtaani Kihoto na kuzamisha migunga iliyokuwa imesimama nchi kavu kwa miaka mingi. Hasara ya watu wale sitaifanyia mzaha. Lakini kwa besi, miti ile iliyokufa ikiwa wima majini, pamoja na nyua na vichaka vilivyomezwa, imekuwa makao mapya, na mvuvi anayekwenda pale alipoonyeshwa na baba yake huenda akakuta siku hizi ni maji matupu. Unapopanda boti, usimwambie nahodha akupeleke mahali penye sifa. Mwambie akupitishe polepole kwenye mpaka wa vitu viwili: mafunjo na maji wazi, kivuli na jua, maji mafupi na yale yanayoanza kwenda chini, kama yalivyo upande wa Crescent Island, ambako kuna kreta, yaani shimo la volkano, iliyozama na ndiko kwenye kina kirefu kuliko sehemu nyingine za ziwa kuu.

Gugumaji nalo, ambalo wewe unalijua kwa ubaya wake huko Kisumu, lina faida yake kwa mvuvi wa besi. Lilifika Naivasha mwaka 1988, na hukaa kwa mafungu yanayosukumwa na upepo kutoka upande mmoja wa ziwa hadi mwingine. Fungu lililotulia kwa muda mahali penye kina cha kutosha huwa na kivuli kizito chini yake, na kivuli hicho huwavutia wadudu, samaki wadogo na hatimaye besi. Fungu linalosukumwa upesi na upepo lipuuze, kwa maana hakuna samaki atakayehama nalo kila saa.

Usimcheke besi kwamba ni mgeni. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya watu waliotaka mchezo wa kuvua, lakini hata mbuta wenu alitiwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na nyote mnajua alivyowatenda fulu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa lenu. Naivasha ilikuwa na samaki wake mdogo wa asili, ambaye mara ya mwisho aliandikwa kuonekana mwaka 1962. Baadaye, mwaka 1970, waliingizwa kamba wekundu wa maji baridi kutoka Marekani, na hawa ndio unaopaswa kuwafahamu vizuri, kwa sababu besi aliyekomaa ziwani humo huwategemea sana kwa chakula. Kamba anapotishwa hurudi kinyumenyume kwa kupiga mkia, hutua chini, huinua magando, kisha hupiga mkia tena. Chambo chako kikienda hivyo, umekwisha kushinda nusu ya kazi. Kikienda kwa mwendo mmoja ulionyooka kama kinachoburutwa nyuma ya mashua, besi hataona chochote anachokifahamu.

Mgeni mwingine ni samaki aitwaye kapu, aliyeanza kuonekana katika nyavu mwaka 2001 au karibu na hapo, na baadaye akaijaza mitumbwi ya wavuvi wa Kamere na Karagita. Yeye huchimba tope akitafuta chakula na kuyachafua maji, jambo linalomsumbua besi, ambaye huwinda kwa macho zaidi. Hata hivyo besi ana mstari wa hisia ubavuni unaomwezesha kutambua mtikiso wa maji, na ndiyo sababu siku ambayo maji ni kama chai ya maziwa mimi huchagua chambo bandia kizito kidogo chenye kibati kinachozunguka, au kile cha mpira laini chenye mkia mpana unaopepea. Maji yakiwa maangavu, hufunga mpira mwembamba wa rangi ya kahawia au ya damu ya mzee.

Vifaa vyenyewe havihitaji utajiri. Fimbo ya mita 2 au inayozidi kidogo, yenye ncha inayopinda na shina gumu, inatosha. Rili ya kawaida ya kuzungushia mshipi. Na nailoni inayoweza kustahimili kilo 5 au 6. Unene wa mishipi yako ya mbuta utamfanya samaki ashtuke, tena hautakuruhusu kurusha chambo chepesi mbali. Besi wengi utakaowapata watakuwa chini ya kilo 2. Rekodi ya dunia ya samaki huyu, iliyowekwa jimbo la Georgia mwaka 1932 na kufikiwa tena huko Japani mwaka 2009, ni kilo 10 na ushei tu, uzito ambao wewe kwa mbuta usingeusimulia hata kwa jirani. Lakini kilo moja na nusu ya besi kwenye mshipi mwembamba, ndani ya mafunjo, itakutoa jasho.

Kwa sababu tunarusha chambo katikati ya miti na mizizi, ndoano iliyo wazi itanasa kila mara. Hapo ndipo unapohitaji mtindo ambao Wamarekani wameuita kwa jina la jimbo la Texas. Chubwi dogo lililochongoka, yaani kile kizito cha kuzamishia chambo, huvishwa kwenye mshipi kwanza, likaachwa liteleze. Kisha hufungwa ndoano pana yenye kiwiko karibu na tundu lake. Ncha ya ndoano huingizwa kichwani mwa mpira, ikatokezwa pembeni baada ya sentimita moja hivi, mpira ukateremshwa hadi kwenye kiwiko, na ncha ikageuzwa na kufichwa tena ndani ya mwili wa mpira. Hakikisha mpira umenyooka, kwa maana ukijikunja utazunguka majini na kuusokota mshipi wote. Chambo cha namna hii hupenya kwenye matawi kama nyoka nyasini, na ncha hutokea pale tu samaki anapouma na wewe ukavuta.

Rusha chambo kipite kidogo mahali unapolenga, ukirudishe taratibu hadi ukingoni mwa maficho, kisha ukiache kishuke chenyewe. Hapa nakusihi uwe na utulivu, kwa sababu wengi wa besi huuma chambo kinaposhuka, wala hutausikia mvuto mkubwa kama wa mbuta. Utauona mshipi ukisogea pembeni, au ukisimama kabla chubwi halijafika chini, au utahisi mguso mdogo kwenye fimbo kama mtu aliyeigonga kwa ukucha. Chunga mshipi kwa macho kuliko unavyochunga ncha ya fimbo. Ukishatambua kwamba amekichukua, teremsha fimbo, kusanya mshipi uliolegea, kisha vuta kwa nguvu kuelekea pembeni. Ataruka juu ya maji akikitikisa kichwa ili aiteme ndoano. Wakati huo inamisha ncha ya fimbo na mshipi uwe umekaza. Mpeleke haraka kwenye maji wazi, maana akirudi kwenye mizizi, utabaki na kipande cha nailoni.

Alfajiri, maji yanapokuwa shwari, tutatumia chambo kinachoelea, na nakiri kwamba huo ndio uvuvi ninaoupenda kuliko wote. Kikishatua, usikiguse hadi viwimbi vyote viishe. Kitikise mara moja, kiache tena. Besi akikirukia utaona maji yakipasuka, na mkono wako utataka kuvuta papo hapo, lakini ukivuta kwa kuona tu utamnyang'anya chambo kinywani. Subiri hadi uhisi uzito wake.

Tutaanza mapema pia kwa sababu ya upepo. Naivasha ipo karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, asubuhi huwa na baridi ambayo mtu wa Kisumu hataisahau, na mchana upepo huvuma hadi ziwa likachafuka na kuzitikisa boti ndogo vibaya. Lete koti. Jaketi la kuokoa maisha utalivaa tangu tunapoondoka ufuoni hadi tunaporudi, na kama hulitaki, tutakaa nyumbani tunywe chai.

Sababu ya pili ya ukali wangu ni viboko. Wapo wengi, na mafunjo yaleyale anayojificha besi ndiyo wanayopumzikia. Nahodha akisema tuondoke mahali, tutaondoka hata kama samaki amekwisha kuonekana. Wala usinishawishi tuvue kutoka ufuoni jioni, kwa maana saa hizo viboko hutoka kwenda kula nyasi, na anayesimama kati ya kiboko na maji amejitafutia kifo. Ndege nao ni wasaidizi wazuri kuliko watu wanavyodhani. Furukombe huniambia machache, kwa kuwa hukaa mtini hata pasipo samaki, lakini mdiria anayerudi mara kwa mara kwenye tawi moja ananionyesha kwamba chini yake kuna vijisamaki, na penye vijisamaki karibu na kivuli hurusha chambo bila kuuliza.

Kuhusu leseni, uvuvi wa burudani unahitaji kibali, na tutapitia kwanza kwa maafisa wa uvuvi ili tulipe na tuulize masharti ya msimu huo. Samaki tutakaowatoa majini tutawashika kwa mdomo wa chini, kidole gumba kikiwa ndani. Meno yake ni madogo yenye kukwaruza tu, hayatakuumiza. Usiingize vidole kwenye matamvua ya samaki unayetaka kumrudisha. Wale wakubwa tutawarudisha, na nikikuta dume limekaa juu ya kiota kwenye maji mafupi likilinda mayai, hatutalirushia chambo kabisa, kwani likiondolewa hata kwa dakika chache samaki wengine huyavamia. Wawili au watatu wa ukubwa wa wastani tutawabakiza kwa ajili ya dada yako, ambaye huwapaka ndimu, chumvi na kitunguu saumu, akawakaanga bila mchuzi. Najua wewe bila mchuzi na ugali hujala samaki, kwa hiyo hilo mtalimaliza wenyewe jikoni.

Nijulishe mapema siku utakayofika, kwa maana mwishoni mwa juma boti za alfajiri huwahiwa na watalii, na nahodha ninayemwamini huchukua watu watatu tu.

Wako,
Shemeji yako wa Nakuru