Mwanangu, ukurasa wa tatu uurudie

Mwanangu,

Rasimu yako nimeisoma mara mbili. Imenyooka, hata nikamsomea baba yako kwa sauti. Ila ukurasa wa tatu umewaita ombaomba wa vijijini Ireland, wale wa mwanzoni mwa miaka ya 1800, "watu waliokataa kazi". Mwezi gani huo, mwanangu? Hukuandika.

Viazi havikai ghalani kama mahindi, vinachipua, vinaoza. Kufika Juni maskini vya zamani vimemwishia, na vipya ni mpaka Agosti. Hapo mume alivuka bahari kwenda kuvuna Uingereza, mke akafunga nyumba na kuwachukua watoto hadi parokia wasikojulikana, maana kuomba parokiani kwake kulimtia aibu. Mgongoni mfuko. Kila nyumba ilimtilia viazi kadhaa, si hela, kwani mkulima mdogo mwenyewe hela hakuwa nayo. Usiku walilala juu ya majani makavu kando ya moto. Viazi vikikomaa, wanarudi kwao. Huyo mvivu kwa lipi?

Wa kudumu nao walikuwepo, wakiitwa bacach, na baadhi walijua ujanja. Waandike, usiwafiche. Lakini usiwatie chungu kimoja na Wasafiri, mafundi bati wenye lugha yao. Yale madaftari ya wanafunzi ya 1937 hadi 1939 unayoyafuata Dublin mara nyingi huwachanganya; ni watoto, waliandika walivyosimuliwa na wazee. Yaweke kando ya ushahidi wa tume iliyochunguza hali ya maskini Ireland, 1833 hadi 1836, na kila ushahidi uuulize: mwezi gani?

Na mlango uliofungwa usiufanye uchoyo moja kwa moja. Miaka ya 1816 hadi 1819 ilikuwa ya homa ya chawa, na chawa husafiri kwenye nguo na malalo. Aliyempokea mgeni aliweza kuizika familia. Wewe umeandika taifodi. Siyo.

Labda ni mimi. Tangu darasa la tano nakudai miaka, miezi sikuwahi kukuuliza.

Shangazi yako anashuka Dar Jumatano na sweta la kijivu. Usilitoe sandukuni ili upate nafasi ya viatu, nakujua. Yule kuku mweupe anaatamia tena, na fundi wa paa hajarudi tangu achukue malipo ya awali. Baba yako anauliza kama chanjo umemaliza.

Ukurasa wa tatu nitumie kabla hujapanda ndege. Na mwezi uwemo.

Mama