Barua ya wazi kwa Waziri wa Uchukuzi wa Uingereza: iulizeni mashine kabla ya kumtoza abiria

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyotumia kumsomea jirani yangu barua ya nauli ya adhabu (faini anayotozwa abiria akikutwa hana tiketi), mezani kwake, jioni moja ya Novemba 2025. Nakala ya Kiingereza nimekutumia kwa posta. Hii nimeiweka hadharani ili Waswahili wenzangu walioko England, wale wanaopanda treni alfajiri kwenda kusafisha maofisi na kuogesha wazee, wajue haki yao iko wapi na wajue nimekuomba nini.

Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kulea wazee. Treni yangu ni ya saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Stesheni ninayopandia ni ndogo: kibanda cha kungojea, taa mbili, mashine moja ya tiketi. Dirisha la tiketi hufunguliwa saa moja asubuhi. Jumanne moja nilifika giza halijaisha, mvua ya rasharasha inanyesha. Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Nikagusa, nikagusa tena, nikakifuta maji kwa mkono wa koti, nikagusa mara ya tatu. Nikachomeka kadi ya benki kwenye tundu lake, hakuna kilichowaka. Treni ikaingia. Nilipanda na kadi mkononi, nikijua nitamlipa yeyote nitakayemkuta.

Niliyemkuta ni mkaguzi, amesimama getini nilikoteremkia. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama nina picha ya mashine. Sikuwa nayo, maana mtu anayekimbilia zamu huku treni inafunga breki hapigi picha kioo cheusi. Akaniandikia karatasi: nauli ya safari, na juu yake pauni 100, ambazo zingeshuka kuwa 50 kama ningelipa ndani ya siku 21.

Mheshimiwa, hadi Januari 2023 adhabu hii ilikuwa pauni 20, au nauli mara mbili kama hiyo ndiyo kubwa. Niliyoandikiwa mimi, kwa kima cha chini cha mshahara kilichoanza Aprili 2025 cha pauni 12.21 kwa saa, ilikuwa zaidi ya saa nane za kazi yangu. Zile 50 zilikuwa zaidi ya saa nne. Punguzo hilo linavuta sana. Unaiona hamsini, unaipima na uchovu wako, unasema bora nilipe yaishe. Nilikaribia kulipa.

Kilichonizuia ni kusoma. Kanuni za nauli za adhabu za reli za mwaka 2018 zinasema wazi kwamba abiria hatozwi nauli ya adhabu kama katika stesheni aliyopandia hapakuwa na njia inayofanya kazi ya kununua tiketi. Zinampa pia ngazi tatu za rufaa, na ya mwisho husikilizwa na jopo la watu watatu huru. Nikakata rufaa. Nikajibiwa kwa mistari minne kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu za kampuni ya treni mashine ilikuwa nzima. Kumbukumbu yenyewe hawakuiambatanisha. Rufaa ya pili nikaomba jambo moja tu: nionyesheni mashine hiyo iliuza tiketi ngapi kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili alfajiri ya siku ile. Walinijibu kila kitu isipokuwa hilo. Nikaenda ngazi ya tatu na swali lilelile, na huko ndiko adhabu yangu ilikofutwa. Barua ya jopo ilisema taarifa ya fundi inaonyesha mashine ilizima Jumapili usiku, ikatengenezwa Jumatano mchana.

Yaani karatasi ya kuniokoa ilikuwa kwenye makabati yao tangu siku ya kwanza, na mimi nikahangaika kwa wiki kadhaa kuwathibitishia kile walichokuwa wanakijua.

Sasa nakuja kwa jirani yangu, ambaye hasa ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ni mama kutoka Bukavu, hana muda mrefu hapa, na Kiingereza chake bado ni cha kununulia mkate. Hufagia ofisi mjini. Simu yake ni ya kitochi, na hakuna sheria inayomtaka awe na nyingine ili apande treni. Jumatatu, siku moja kabla yangu, alisimama mbele ya kioo kilekile cheusi. Kwao, kama ilivyo kwetu kwenye matatu na daladala, nauli huitoa ukishakaa, konda akifika. Kwa hiyo alipanda na noti yake ameikunja kiganjani. Alitozwa getini, na siku ya ishirini akalipa zile 50 kwa sababu aliona tarehe na aliona neno linalohusu mahakama. Wiki mbili baadaye ndipo aliponiletea ile karatasi na kuniuliza, "Dada, hii barua iko inasema nini?" Nilipofika kwenye sehemu ya rufaa nilisita kuisoma kwa sauti.

Mimi nimefutiwa, yeye amelipa. Mashine ni moja na hitilafu ni moja. Jopo lilipotambua kwamba mashine ilikuwa mbovu kwa siku tatu, hakuna aliyejiuliza ni nani wengine walitozwa ndani ya siku hizo tatu.

Ninaomba mambo mawili. La kwanza, abiria akisema mashine ilikuwa mbovu, kampuni isimdai hata senti mpaka itoe kumbukumbu ya mashine hiyo kwa saa hiyo, na nakala ifike mikononi mwa abiria pamoja na jibu la rufaa ya kwanza. La pili ndilo zito kwangu: ikithibitika kwamba mashine ilikuwa imezima, kila aliyetozwa akitokea stesheni hiyo katika muda huo arudishiwe pesa yake bila kuandika barua wala kujua Kiingereza. Kampuni ina majina yao na anwani zao, kwani ndiko inakotuma madai.

Najua wapo wanaokwepa nauli kwa makusudi, tena wengi, na hasara yao tunaibeba sisi tunaolipa. Sikuombi uwaonee huruma. Lakini haya ya mashine hayasimami peke yake. Agosti 2024 Hakimu Mkuu wa England na Wales alitamka kwamba mashtaka ya nauli yapatayo 74,000 ni batili, kwa kuwa kampuni ziliyapitisha kwa utaratibu wa hakimu mmoja, yaani wa kuamua kesi kwa nyaraka bila kikao cha wazi, ambao sheria haikuuruhusu kwa kosa lile. Oktoba mwaka huohuo kijana mmoja alitishiwa mahakama kwa upungufu wa pauni 1.90, kisa kadi yake ya punguzo ya vijana ilikuwa na kima cha chini cha nauli cha pauni 12 kabla ya saa nne asubuhi. Kelele zilipopigwa, kampuni ikaachana na kesi. Kisha Juni 2025 ofisi inayosimamia reli na barabara ikachapisha mapitio ya jinsi abiria wanavyotendewa, na serikali yako ikakubali mapendekezo yake. Kwa hiyo meza iko tayari na faili limefunguliwa. Ongeza haya mawili ndani yake.

Jirani yangu hajarudishiwa pesa yake. Nimemwandikia barua ya kuomba, akaweka sahihi yake taratibu, herufi moja moja, nasi tunangoja majibu. Siku hizi tukikutana stesheni alfajiri, kabla hata ya kusalimiana vizuri, natoa simu na kupiga picha kioo cha mashine, iwe imewaka au imezima. Naye husimama kando yangu akininyooshea kidole nisiisahau saa iliyo ukutani.

Wako,
Abiria wa saa kumi na moja na dakika arobaini